Kutoka Kinindo Hadi Reli ya Kigoma

Sisi wakaaji wa Kinindo huamka tukiwa na Ziwa Tanganyika upande mmoja na milima upande wa pili. Meli tunazijua, garimoshi hatuna.

Baba yangu, askari mstaafu, alisafiri ujanani kwa meli ya Liemba hadi Kigoma. Aliporudi alimwahidi Mama kumpandisha garimoshi aliloliona huko. Lakini likizo ilipopatikana, fedha haikuwapo. Na fedha ilipopatikana, likizo ilikuwa imefutwa. Ikapita miaka arobaini.

Kiangazi kilichopita niliwachukua wote wawili. Kwa kuwa Liemba haiji tena Bujumbura, tulipanda gari kupitia Rumonge na Nyanza-Lac, ziwa likitufuata upande wa kulia, tukavukia mpaka wa Mugina.

Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilometa zipatazo 1,250. Liemba yenyewe iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika makasha kwa reli hiyo na kushushwa majini mwaka 1915. Nilipomweleza Baba hayo, alisema, "Kumbe meli yetu nayo ilikuwa abiria!"

Garimoshi liliondoka likiacha ziwa nyuma, likafuata bonde la Luiche na kuanza kupanda vilima. Garimoshi haliwezi mwinuko mkali, hivyo hujipinda na kuzunguka. Mama alishika dirisha, akihesabu kona.

"Nilidhani ulinidanganya," alimwambia Baba.

"Sikukudanganya, Mama Watoto. Nilichelewa."

Tulishuka Uvinza, mji wa chumvi tangu enzi za mababu, karibu na Mto Malagarasi ambao chanzo chake ki jirani na mpaka wetu. Mama alinunua chumvi ya kuwagawia majirani, nasi tukarudi Kigoma kwa basi.

Januari 2025, Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba wa kujenga reli kutoka Uvinza hadi Musongati. Huenda wajukuu wakapanda garimoshi nchini mwao.

Nawe askari uliye kazini, omba ruhusa mapema, tengeneza hati za kuvukia mpaka, weka akiba kidogo kila mwezi. Mwenzio anayekungoja nyumbani hasahau ahadi, hata kama haitaji.