Mbegu Zilikwenda Wapi?



Wengi wetu tunalima. Hata mwenye kazi ya mshahara ana kishamba chake nyuma ya nyumba ao kando ya barabara. Kwa hiyo nataka kuwaeleza habari ya shamba langu. Habari yenyewe inanitia haya. Lakini aibu ya mtu mmoja ikifundisha wengi, haikupotea bure.

Shamba langu liko upande wa Likasi, katika Katanga. Lina metre 100 kwa urefu na metre 50 kwa upana. Zidisheni: mtapata metre za mraba 5,000, ndiyo nusu hekta kamili. Mwaka ule, mvua zilipokaribia, nilinunua kilo 10 za mbegu bora ya mahindi. Muuzaji aliniambia: «Mstari na mstari santimetre 75, shimo na shimo santimetre 50, kila shimo punje mbili. Kilo 10 zitatosha, tena zitabaki kidogo.» Nililipa franka nyingi, nikarudi nyumbani na furaha.

Mvua ilipoloanisha udongo vizuri, tulianza kupanda, mimi na mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mimi nilichimba, yeye alitia punje na kufukia. Siku ya tatu tulifika metre 60, na mfuko ukawa mtupu. Metre 40 zikabaki bila punje hata moja.

Nilimtazama mtoto. Yeye ndiye aliyebeba mfuko siku zote. Tena jioni ya jana yake alipita sokoni kununua chumvi. Nikasema: «Mbegu zangu umeziuza.» Akalia, akajibu: «Mjomba, sikuuza hata punje moja.» Sikumsikiliza. Nilimwita mwizi mbele ya majirani. Jioni hakula, na usiku akaenda kulala kwa bibi yake, ng'ambo ya mto. Mke wangu aliniambia: «Baba, umemhukumu mtoto bila shahidi.» Nikamjibu kwamba mfuko mtupu ni shahidi wa kutosha.

Wiki tatu zikapita. Dominika moja, mwalimu mzee, jirani yetu aliyekwisha kuacha kazi ya shule, alipita shambani. Alisimama, akatazama mihindi yangu imesongamana, myembamba, majani yamekwisha kugusana. Akauliza: «Rafiki, hili ni shamba la mahindi ao ni majani ya mbuzi? Ulipima na nini?»

Nikamwonyesha fimbo yangu. Nilikuwa nimeikata porini kwa macho tu, nikisema moyoni: hii ni santimetre 75. Kati ya mistari niliacha fimbo moja, kati ya mashimo nusu fimbo. Mwalimu akatoa mfukoni metre ya fundi, akaipima. Fimbo ilikuwa na santimetre 60. Nusu yake, 30.

Akainama, akachora mchangani. «Kila shimo», akasema, «lina kiwanja chake. Ukitaka kujua ukubwa wa kiwanja hicho, zidisha nafasi ya mistari kwa nafasi ya mashimo. Kwanza geuza santimetre kuwa metre, maana hapo ndipo wengi wanapokosa. Muuzaji alikuagiza 0.75 mara 0.50, ni metre za mraba 0.375. Hekta moja ina metre za mraba 10,000. Gawanya kwa 0.375: utapata mashimo karibu 26,700. Kwa punje mbili mbili, ni punje karibu 53,300. Wewe una nusu hekta, basi ni punje karibu 26,700. Punje 1,000 za mahindi ya namna hii zina uzito wa gramu 300 hivi. Zote pamoja ni kilo 8. Muuzaji hakukudanganya.»

Nilinyamaza. Akaendelea: «Sasa tutazame fimbo yako. 0.60 mara 0.30 ni 0.18. Gawanya 5,000 kwa 0.18: ni mashimo karibu 27,800, ndiyo punje 55,600. Zilitakiwa karibu kilo 17, nawe ulikuwa na kilo 10. Katika kilo 10 mna punje karibu 33,300, za kutosha mashimo 16,700 tu. Kila shimo likichukua 0.18, mashimo hayo yanajaza metre za mraba 3,000. Shamba lako lina upana wa metre 50. Gawanya 3,000 kwa 50. Ni ngapi?»

Ni 60. Palepale mfuko ulipokwisha.

Basi mbegu hazikuibwa. Zote zilikuwa ardhini, mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyezirundika pale.

Mwalimu hakuniacha hivi. Alitaka nione kwa miche yenyewe, si kwa hesabu tu. Tulipima kwenye mstari mmoja metre 16 na santimetre 67. Urefu huo, ukizidishwa kwa 0.60, ni metre za mraba 10, ndiyo sehemu moja ya elfu ya hekta. Tukahesabu miche: 101. Maana yake ni miche 101,000 kwa hekta, karibu mara mbili ya ile niliyoagizwa! Kama mistari yenu inaachana santimetre 75, pimeni metre 13 na santimetre 33. Mkihesabu miche 45, semeni 45,000 kwa hekta. Lakini msihesabu mahali pamoja tu. Jaribuni mahali panne ao patano, pazuri na pabaya, kisha mtafute hesabu ya katikati.

Miche mingi mno inanyang'anyana maji, mbolea na mwanga. Inarefuka, inakuwa dhaifu, inaangushwa na upepo, na mingine haizai kitu. Miche michache mno nayo inaachia magugu nafasi. Basi, baada ya mvua, tuling'oa mche mmoja katika kila shimo lenye miwili, tukauacha ulio na nguvu. Ikabaki karibu 55,000 kwa hekta. Kwenye zile metre 40 nilipanda maharagi baadaye, kwa kamba yenye mafundo, si kwa fimbo ya macho.

Hesabu hii inafaa kwa mimea mingine pia. Mihogo ya metre moja kwa metre moja ni miche 10,000 kwa hekta. Lakini angalieni: ikiwa miti imepandwa kwa pembetatu, kama michikichi ya metre 9, hesabu inageuka. Kwa mraba ingekuwa miti 123 kwa hekta. Kwa pembetatu ni 143, kwa sababu mistari inakaribiana zaidi.

Na mtoto? Jioni ileile nilivuka mto. Niliwaomba wale majirani waliosikia tusi langu wafuatane nami, maana aliyetukanwa hadharani hawezi kuombwa radhi gizani. Nilimwambia: «Mwanangu, fimbo yangu ndiyo iliyokula mbegu. Nisamehe.» Bibi yake alinitazama sana, hakusema neno. Mtoto akasema: «Ndiyo, mjomba», akachukua nguo zake, tukarudi nyumbani.

Sasa yeye ndiye mpimaji wetu. Anavuta kamba, anahesabu mafundo, na majirani wanamwita mashambani mwao. Lakini mfuko wa mbegu hataki kuubeba. Nikimpa anasema: «Mjomba, ubebe wewe.» Simlazimishi. Naubeba mwenyewe, na kila mara naona uzito wake.

Ndugu zangu, kamba ya metre kumi ni ya bei ndogo. Pimeni kabla ya kupanda. Na kitu kikipungua nyumbani, pimeni tena kabla ya kumtaja mtu.