Miwani ya Clotaire

Kama una mtoto wa darasa la tatu anayechukia kusoma, mtafutie visa vya Nicolas. Ni mtoto wa shule wa Kifaransa aliyebuniwa na mwandishi René Goscinny na mchoraji Jean-Jacques Sempé. Visa vyake vilianza kutoka mwaka 1959 katika gazeti la Jumapili la huko Bordeaux, baadaye vikawa vitabu. Nicolas ndiye anayesimulia, na ukimsikiliza yeye, hana kosa lolote. Anacheza tu na wenzake, ila sijui kwa nini watu wazima huishia kupiga kelele. Alceste anakula muda wote. Agnan, kipenzi cha mwalimu, hapigwi ovyo kwa sababu anavaa miwani. Clotaire ndiye anayeshika mkia darasani.

Siku moja Clotaire anakuja na miwani. Daktari amewaambia wazazi wake kwamba huenda anakuwa wa mwisho kwa sababu haoni vizuri. Wenzake wanaona siri imepatikana: Agnan ana miwani, tena ni wa kwanza! Wanaanza kuazimana. Mwalimu anapomwita Clotaire, miwani anayo mwingine, naye anapata sifuri yake kama kawaida.

Nilimsimulia mtoto wa kaka yangu kisa hiki nikijua atacheka kwenye sifuri. Ana miaka tisa, na ripoti zake za shule zina maneno yaleyale: mtukutu, anaongea darasani, anachungulia daftari la mwenzake. Kaka alishachoka, na fimbo ilikuwa imeanza kuzoeleka pale nyumbani.

Mtoto hakucheka. Aliuliza, "Shangazi, kwani Clotaire alijuaje kuwa haoni?"

Ninaandika habari za afya, na sijasikia swali zuri kama hilo. Mtoto ambaye siku zote anauona ubao una ukungu anadhani ndivyo ubao ulivyo. Hawezi kusema haoni. Atabana macho, atasogelea televisheni, atamuuliza jirani yake kilichoandikwa, na hapo ndipo "kuongea darasani" kunapoanzia. Wengine huumwa kichwa. Na kwa kuwa daftari lililo mbele yake analisoma vizuri, nyumbani hakuna anayeshtuka.

Nikamwambia afunike jicho moja asome kalenda iliyo ukutani, upande wa pili wa sebule. Jina la mwezi alilisoma. Tarehe hakuziona. Kaka alizima televisheni, akakaa kimya. (Kalenda si kipimo, anayepima ni mtaalamu wa macho.) Wiki hiyohiyo wifi alimpeleka kliniki, wakarudi na karatasi ya miwani.

Sitawadanganya kwamba ametulia. Bado anarudi shati limechanika, na mwalimu bado analalamika. Ila fimbo haipo tena juu ya kabati. Kaka ndiye aliyeitoa. Na mtoto ameshawatangazia wenzake mtaani kuwa mtu mwenye miwani hapigwi.