Ada ya Kufika Nyamitaba

Swali la ndugu yangu lilikuwa jepesi: kumfikishia shangazi dola 200 kutakula ngapi? Yeye yuko Ubelgiji, shangazi yuko Nyamitaba kule Masisi, nami niko Goma katikati yao. Ilikuwa Juni 2025. Benki za mji zilikuwa zimefunga tangu waasi wa M23 walipoingia mwishoni mwa Januari, na ukienda kutoa makuta ya simu kwenye kabine, kila mwenye kabine alikata asilimia aliyoitaka. Tukaafikiana: atume bitikoini, mimi niziuze kwa mfanyabiashara ninayemfahamu, kisha nipande pikipiki nipeleke noti mkono kwa mkono. Nyamitaba sikuwahi kufika.

Ada ya bitikoini nilimuuliza msaidizi wa akili bandia kwenye simu. Akajibu bila kusita: dola 30. Rafiki yangu anayeandika programu alicheka. Huyo, akasema, anakumbuka tu, haangalii. Huenda alisoma habari za Aprili 2024, siku zawadi ya wachimbaji wa bitikoini ilipokatwa nusu na wastani wa ada ukapita dola 100. Akamuunganishia zana ndogo inayochungulia foleni ya miamala inayongoja kuingia kwenye bloku, ambayo hufungwa kila baada ya dakika kumi hivi. Tukauliza upya. Sasa zilikuja bei tatu: ya mwenye haraka, ya wastani, na ya mvumilivu. Ya wastani ilikuwa satoshi 3, vile vipande vidogo kabisa vya bitikoini, kwa kila baiti. Muamala wa kawaida, kwa kipimo cha mtandao huo, una baiti kama 141. Jumla satoshi 423, chini ya nusu dola kwa bei ya siku ile. Nikamwandikia ndugu yangu kwa majivuno kama vile mimi ndiye niliyeivumbua bitikoini.

Nilipokwisha kuziuza bitikoini, alfajiri nikaondoka na dereva wa pikipiki, noti zikiwa kwenye bahasha. Sake tuliliacha ziwa nyuma, barabara ikapanda kuelekea malisho ya Kilolirwe. Watu hupenda kuifananisha milima ya Masisi na Uswisi. Uswisi sijafika, lakini jibini la Masisi nalijua, na sioni kwa nini isiwe Uswisi ndiyo inayofananishwa.

Kilichonikaa kichwani njia nzima ni kipimo. Bitikoini haijali unatuma dola 200 au milioni mbili. Inapima ukubwa wa maandishi ya muamala. Kama ndugu yangu angekuwa na akiba yake katika vipande kumi vidogo vidogo, muamala ungefika baiti kama 750 na ada ingepanda mara tano, kwa thamani ile ile. Dereva wangu naye ndivyo alivyo. Bahasha iliyo kifuani pangu hakuiuliza, ila gunia la mama mmoja pale Sake alilipima kwa macho, akalizunguka, akataja bei. Nikamweleza kwamba ada ya bitikoini humwendea mchimbaji anayefunga bloku, na kwamba anaweza hata kuwa jirani yetu, maana Hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba bitikoini mwaka 2020 huko Luviro, Lubero, kwa umeme wa maji. Akauliza kama wanaajiri.

Kwenye bariere, kile kizuizi cha barabarani, kipimo kiligeuka. Pale hupimwi mzigo, unapimwa wewe: viatu, begi, simu, namna unavyosalimia. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili, na foleni hiyo hakuna zana ya kuichungulia. Mkadiriaji alikuwa dereva.

“Hapa ni faranga elfu mbili,” alisema bila kugeuka. “Pale mbele, mukubwa, ukitoa hiyo miwani, ni elfu moja.”

Nikaitoa. Ikawa elfu moja. Kilichobaki cha njia nilikiona kwa ukungu.

Shangazi alinipokea kwa viazi na maharage, akaniuliza habari za kila mtu kwa zamu, hata za waliokufa. Baadaye ndipo alipoziomba zile noti. Alizihesabu mara mbili, akiinua kila moja kwenye mwanga wa mlango. Noti moja ya ishirini ilikuwa na mpasuko pembeni, haufiki urefu wa punje ya mchele.

“Hii, mwana wangu, hawaipokei.”

“Mpasuko mdogo huu, shangazi?”

“Dola haina mpasuko mdogo.”

Nikatoa ishirini nzima katika nauli yangu ya kurudia, nikaipokea ile yenye kidonda. Kesho yake nilimkabidhi dereva noti ile kabla hajawasha pikipiki. Aliigeuza, akaipitishia kidole gumba pembeni, akaikunja ndani ya soksi.

“Hii nakuhesabia kumi na tano,” akasema.