Mitungi Miwili ya Mama

Napenda kuwaeleza habari za mama yangu na dawa yake. Mama ana ugonjwa wa sukari, naye huchomwa sindano ya insulini kila siku. Nyumba yetu hapa Miyuji haina friji, na jua la Dodoma mwezi wa Novemba hamlijui ninyi wa milimani.

Nilisikia habari za Mohammed Bah Abba, mwalimu wa Nigeria, aliyewafundisha wanavijiji miaka ya 1990 kupoza mboga kwa mitungi. Nikanunua miwili, nikatia mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga uliolowa maji, juu kitambaa kilicholowa. Vema. Lakini kiburi! Nikaupaka ule mkubwa rangi ya mafuta ili upendeze. Baada ya siku chache nikatia mkono ndani: joto lile lile la nje. Na sukari ya mama imepanda.

Rangi ilikuwa imeziba vitundu vya udongo. Maji yakipenya na kukaushwa na upepo, ndipo huondoka na joto. Yakikosa njia, mtungi ni mtungi tu. Nikaanza upya: mitungi isiyopakwa kitu, kivulini, juu ya mafiga ili upepo upite chini, maji asubuhi na jioni. Chupa naifunga katika mfuko isilowe. Wakati wa mvua hewa ina unyevu, basi hupoza kidogo tu. Chupa mpya hukaa katika friji ya zahanati, nasi twachukua moja moja.

Mama hunicheka hata leo kwa ile rangi. Ilikuwa ya buluu.