Akiba ya Hesabu za Wakulima

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika ofisi yetu ndogo hapa Naliendele, hesabu za wakulima wa korosho zilikuwa katika kompyuta moja tu. Tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipopiga kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, nilijiuliza: paa letu likiezuliwa, mkulima atadai malipo yake kwa ushahidi gani?

Tangu hapo, ndugu msomaji, kila Ijumaa twanakili hesabu katika diski ya nje, kisha twaichomoa, virusi visiifikie. Diski ni mbili, nazo hupokezana: moja hubaki kabatini, nyingine hulala Mtwara mjini. Kila mwezi twafungua nakala na kuisoma, tuhakikishe ni nzima. Jasho la mkulima lastahili uangalifu huo.