Bibi, Mbwa na Mama Ngina

Bibi yangu ana sheria tatu kuhusu mbwa: asiingie nyumbani, asilete pua karibu na buibui lake, na asipewe jina la mtu. Hiyo ya tatu kaka yangu aliitii. Mbwa wake alimwita Kahawa, kwa sababu ya rangi, na ndiyo maana siku ya kwanza nilipompeleka bustani ya Mama Ngina nikamwita kwa sauti, muuza kahawa aligeuka na dele lake akauliza, "Vikombe vingapi, dada?"

Kaka aliondoka kwenda Qatar baada ya Idd. Alikuwa amepanga Kisauni, kwenye ploti yenye ua, na Kahawa alikuwa akilala mlangoni. Kazi ya ulinzi ilipotokea, vitu vilisambaa: godoro kwa jirani, friji kwa mama, mke na mtoto kwetu Kibokoni, Mji wa Kale. Mbwa hakuna aliyemtaka. Mwishowe rafiki yake anayeishi Ganjoni alikubali kumlaza uani, kwa sharti mtu awe anakuja kumtembeza. Mtu huyo nikawa mimi. Mimi na mtoto, ambaye ana miaka minane na tangu babake apande ndege alikuwa amepunguza maneno mpaka tukawa tunayahesabu. Mamake hufanya kazi Jumapili, kwa hiyo Jumapili ni zangu.

Kumtembeza Mji wa Kale? Usicheze. Mji ule ni wa paka. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja hupisha, na yule mwingine huenda ana udhu wake anakimbilia swala. Sisi ni Mashafi. Mate ya mbwa ni najisi, yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Wageni huona tunavyomkwepa mbwa wakadhani ni ukatili. Wengi wetu tunapiga hesabu tu: maji yako wapi, udongo uko wapi, na dakika ngapi zimebaki kabla ya kuadhiniwa.

Na pahali pa kukaa bure mjini si pengi. Nimezaliwa hatua chache kutoka Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na ambayo UNESCO waliiandika urithi wa dunia 2011, na nimeingia ndani mara mbili maishani, zote mbili na shule. Langoni kuna tikiti. Urithi wa dunia, sawa, lakini mimi huuona ukuta kwa nje.

Mama Ngina hakuna tikiti. Ukitoka Fort Jesus ukafuata barabara ya baharini, ukapita upande wa golf, utafika kwenye mibuyu na upepo. Wenyeji wengine bado wanapaita Lighthouse, na kizazi cha wazazi wangu walikuwa wakija hapa jioni, gari linaelekezwa baharini, wanakula mihogo bila kushuka. Serikali ilipakarabati 2019, na Mashujaa Dei ya mwaka huo, tarehe 20 Oktoba, ikafanyiwa hapo hapo. Sasa kuna njia za kutembea, viti, ngazi za kukalia. Mbele yako ni mkondo wa Likoni, na meli zinazoingia bandari ya Kilindini zinapita karibu mno, unaona kama ungeweza kumsalimia baharia kwa jina.

Kuhusu mbwa, nilimuuliza mlinzi kabla ya kuingia. Alimtazama Kahawa, Kahawa akamtazama. "Umshike kamba," akasema. "Na uchafu wake ni wako." Ndiyo sheria niliyopewa, na nimeishika.

(Bure, lakini, ni mpaka mtoto aone achari. Baada ya hapo ni mabuyu, halafu krisps za mihogo zenye pilipili na ndimu, halafu dafu la kupoza pilipili. Njoo na pesa kidogo au njoo na moyo mgumu.)

Sikutarajia Bibi aje. Alikuja kwa sababu ya goti. Daktari alimwambia atembee pahali tambarare, na nyumbani kwetu kutoka nje ni ngazi, kuingia ndani ni ngazi. "Nitakwenda na nyinyi huko kwenu," alisema Jumamosi usiku, "lakini mimi na mnyama wenu kila mtu na safari yake." Kesho yake tulipanda tuktuk moja. Mimi na mtoto tukashuka Ganjoni kumchukua Kahawa, yeye akaendelea peke yake, amekaa katikati ya kiti kama mkuu wa wilaya.

Tulimkuta ameshachagua benchi chini ya mbuyu, mkoba mapajani. Alikuwa amepima upepo. Ilikuwa Julai, kusi inavuma, na Bibi alikuwa amekaa upande ambao harufu ya mbwa isingemfikia. Akatuonyesha kwa kidole pa kukaa sisi: benchi la tatu. Basi tukakaa hivyo, familia moja, mabenchi mawili matupu katikati.

Mtoto alikuwa ameshika kamba. Watu walipita. Kina dada wawili walikunja mabuibui wakazunguka kwa mbali. Vijana wa mazoezi walisimama kuuliza kama anauma, na kama ni jike ama dume. Mtoto akajibu, "Ni dume. Haumi. Ni wa babangu." Mimi nikahesabu. Maneno sita, na hakuna aliyemlazimisha.

Halafu akaja mwanamume mmoja na watoto watatu. Wa mwisho, kibinti cha miaka kama miwili, alimwona Kahawa akapiga ukemi nikadhani ameumia. Kahawa alikuwa amelala. Yule baba akanigeukia. "Dada, hapa ni pahali pa familia. Mbwa mpeleke kwingine."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu manne, na yote yalikuwa na neno haki ndani yake. Lakini Bibi alishainuka, na goti lake, akapita benchi la kwanza tupu, akapita la pili. Akamwuliza yule baba anatoka wapi. Majengo. Majengo kwa nani? Ikawa ni kwa nani, na huyo nani alisoma madrasa na nani, na kabla dakika mbili hazijaisha yule bwana alikuwa anamwamkia Bibi na kumbeba mtoto wake aone mbwa kutoka juu, kwa umbali salama. Wakaenda zao.

Nikajua nimeshinda. Bibi akaniambia, "Yule ana haki. Mwanawe amelia kwa khofu. Fupisha kamba."

Nikafupisha kamba.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Tunapopigania pahali pa umma tunapenda kusema pa kila mtu, kama kwamba kila mtu akiingia atakuwa amefika. Kumbe kazi inaanza ukishaingia. Yule mtoto naye alikuja kuona meli. Kamba yangu ilikuwa mita tatu na angeweza kutosheka na moja.

Kahawa, baada ya kufupishiwa dunia, akaamua kujiliwaza kwa kumlamba mtoto mkono, kutoka vidoleni hadi kiwiko. Mtoto akacheka kwa sauti. Halafu akakumbuka Bibi amesimama pale pale, akanyamaza, mkono hewani.

Bibi hakusema kitu. Alirudi kwenye mkoba wake. Akatoa chupa ya maji ya lita moja na nusu, na kifuko cha kitambaa kilichofungwa kwa uzi. Akakifungua. Ulikuwa udongo, mkavu, umechekechwa vizuri kama unga. Alikuwa ametoka nao nyumbani. Kwa hiyo Jumamosi ile usiku, wakati anatuambia kila mtu na safari yake, alikuwa ameshajua.

"Ndoo hapa, mume wangu," akamwambia kitukuu chake. "Lete mkono. Mara saba, na usiniibie hata moja."

Wakahesabu pamoja, kwa sauti, maji yakidondoka kwenye mizizi ya mbuyu. Ya kwanza kwa udongo. Walipofika saba mtoto alikuwa anaeleza jinsi babake alivyomfundisha Kahawa kukaa, na jinsi alivyomuokota kwenye mtaro akiwa mdogo kama paka. Sikuhesabu tena.

Kaka alipiga saa kumi na moja. Saa za Qatar na zetu ni moja, kule nako jioni ilikuwa inaingia. Mtoto akaongea mpaka sikio la simu likapata moto, halafu Bibi akainyakua. Akaigeuza kamera kuelekea kwa Kahawa, kwa mkono ulionyooshwa mbali na mwili wake.

"Mbwa wako huyo," akasema. "Amenenepa kukushinda. Na kesho mtu asiniambie..."

Honi ikalia. Meli ya makontena ilikuwa inaingia, ndefu, imetufunika Likoni yote.

"Ngoja," Bibi akamwambia kaka. "Meli yapita."