Mwenye Nyumba Yuko Porini

Nilimkuta mwenye shamba shambani. Mwenye nyumba alikuwa porini. Mvua ya kwanza ya Novemba ilikuwa imeshanyesha, udongo umelainika, na mama yule alikuwa akipiga matuta na binti zake wawili kabla jua halijawa kali. Hakuacha jembe kuja kunipokea. Aliitikia shikamoo yangu kwa marahaba ndefu, akanionyesha kivuli cha mwembe kwa kidevu, akaendelea kulima. "Mume wangu atapita kesho," aliniambia baadaye. "Gari la kambi ya uwindaji linafuata mchele na dizeli Itigi. Wakimshusha, mtaongea. Wasipomshusha, utaongea na mimi."

Kijiji kiko kando ya barabara ndefu inayoanzia Itigi, kwenye Reli ya Kati, na kuteremka kusini hadi Chunya. Mwanzoni unapita vichaka vya Itigi, vilivyosongamana kiasi kwamba mtu hapenyi bila panga; kisha miombo inatawala, na huku na huko mizinga ya magome imelazwa juu matawini. Upande wa mashariki ni mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hifadhini mgeni huja na kamera. Katika mapori ya akiba, yaliyogawanywa vitalu, anaruhusiwa kuja na bunduki. Wakimbu ndio wenyeji wa nchi hii, watu wa asali na mawindo tangu zamani, na mume wa mama yule ni mmoja wao. Kazi yake ni kufuata nyayo.

Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa Julai 1, na kambi yake hufungwa mwishoni mwa Desemba. Uweke juu ya kalenda ya mkulima, utaona mara moja mzigo unamwangukia nani. Mume huondoka mahindi yakiwa yameshaingia ghalani, hurudi Januari mbegu zimeota na palizi imeanza. Kulima, kupanda, kukopa mbegu, kumkimbiza mtoto zahanati usiku, yote hayo yamo ndani ya msimu. "Nina watoto wanne," mama alisema. "Watatu nimewazaa yeye akiwa kambini. Wa nne alimwahi kwa sababu mgeni aliugua, akarudi kwao mapema." Binti zake walicheka, inaelekea kisa hiki wamekisikia mara nyingi.

Walimshusha. Ni mtu mfupi, mkavu, mwenye buti alizoachiwa na mgeni fulani, zinazomzidi kidogo. Alikunywa uji, akalizungukia shamba bila kusema neno, kisha akanichukua hadi msitu wa kijiji, maana pori la akiba haliingiwi bila kibali. Mfukoni ana kifuko cha kitambaa chenye majivu. Kila baada ya hatua kadhaa hukitikisa, na vumbi jeupe huonyesha upepo unaelekea wapi. Nyati akishakunusa, alisema, kazi ya asubuhi nzima imekwisha. Alisimama juu ya unyayo wa pongo. Kingo zilikuwa kali bado, lakini mdudu alikuwa ameukatiza, na mdudu yule, kwa maneno yake, hutembea usiku. Basi pongo alipita jana jioni. Kinyesi hutiwa kidole: kikiwa na joto ndani, punguza sauti. Damu nyekundu yenye povu imetoka mapafuni, mnyama hafiki mbali. Nyeusi ni ya ini. Ikichanganyika na majani yaliyotafunwa, risasi imepita tumboni.

"Hapo ndipo watu hufa," alisema. "Nyati wa tumbo hakimbii moja kwa moja. Anazunguka, anasimama kando ya njia yake mwenyewe, anakusubiri. Na anayetangulia ni mimi, macho yangu yakiwa chini. Bunduki ziko nyuma yangu."

Kumpata mnyama ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukataza. Simba hapigwi kabla hajatimiza miaka sita, na umri huo lazima usomwe usoni, kwenye manyoya na weusi wa pua, kwa darubini, mgeni akiwa anahema sikioni mwako. Nyati ambaye kitako cha pembe hakijakomaa huachwa. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kuwa ameuawa, na mgeni hulipa. "Ametoka mbali, amelipa, kidole kinamwasha," mzee alisema. "Mimi namshika bega bwana mwindaji, natikisa kichwa. Tunarudi garini, na mbung'o wanatula."

Mwindaji bingwa ana leseni. Askari wa wanyamapori, ambaye lazima awepo kwenye kila windo, ana mafunzo na sare. Mzee hana karatasi yoyote, lakini wote wawili husubiri mkono wake. Katika simu yake yenye kioo kilichopasuka alinionyesha picha ya mgeni amepiga magoti nyuma ya pembe. Aliyekigeuza kichwa cha nyati ili jua limpate usoni ni yeye, kisha akatoka nje ya picha.

Mshahara unalisha nyumba. Bati na sola vimetoka kwenye tipu. Nazo hutegemea maamuzi ya mbali. Mwaka 2014 Marekani ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania, na ilipofika 2016 masharti yake kuhusu simba nayo yakakaza. Kampuni kadhaa zikarudisha vitalu. Chumba cha tatu cha nyumba hii kiliishia kwenye lenta wakati huo, na hakijapanda tena.

Tembo wenyewe hawakupungua shambani. Kati ya Machi na Mei, wakati mzee yuko nyumbani, huja usiku kula mahindi, naye hupiga madebe na kuchoma pilipili kama jirani yeyote. Asubuhi hutazama nyayo na kujua ni dume lipi. Kuligusa hawezi. Serikali hutoa kifuta jasho, cha ekari zisizozidi tano, na kwa kanuni za 2011 shamba lililo mbali na mpaka wa pori lilipata zaidi ya lililo karibu, kana kwamba aliyekaa karibu alimkaribisha tembo mwenyewe. Na nyama? Anaila kambini. Akibeba kipande kikavu bila hati, atakuwa amekutwa na nyara za serikali.

Kijana wao anataka kwenda Pasiansi, Mwanza, kusomea uaskari wa wanyamapori. Mama anaunga mkono: mshahara wa miezi kumi na miwili. Baba hana kinyongo. "Saluti watamfundisha," alisema. "Nyayo sijui atajifunzia wapi."

Gari lilirudi adhuhuri, magunia yamejaa hadi juu, dereva akipiga honi mfululizo. Mzee alikuwa bado anafunga kamba za buti. Mama alimletea chupa ya maji na orodha iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari: mbegu, mbolea, dawa ya viwavi.

"Mgeni wa sasa ana mkono wa kutoa?" aliuliza.

"Anao."

"Basi mbegu kwanza. Lenta itangoja."

"Imeshangoja sana—"

"Mbegu kwanza, baba."

Akaikunja karatasi, akaitia mfuko ule ule wa majivu, akapanda.